Maji ya Mzee Karisa

Siku ya kwanza kazini niliamriwa kukata kucha. Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba, nimeuza maji, nimebeba magunia, nimepaka malori rangi. Nikaingia chumba kimoja cha kukanda watu Changamwe kwa sababu tu nilitaka kujua mle ndani watu wanagunia nini.

"Kidole gumba ndicho jicho lako," msimamizi wa chumba hicho aliniambia, akikagua mikono yangu. "Na ulimi wa mteja ndio kipimo. Akisema inatosha, inatosha."

Akanifunza ramani ya nyayo, kwani wenye kazi hii huamini kila sehemu ya unyayo ina kiungo chake mwilini. Wateja wengi walikuwa na kisukari kilichowaharibia mishipa ya fahamu. Walisikia moto, sindano, kisha ganzi. Kisukari hatukukiponya. Tulipunguza maumivu tu, mtu akapata usingizi.

Baadaye nikahamishiwa tawi letu la mtaa wa Shika Adabu, na huko nikampata Mzee Karisa, dereva wa lori mstaafu. Desturi yetu ilikuwa kuanza na beseni la maji ya moto. Mteja mwenyewe aliyapima kwa mguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo usinipe maji ya kuogeshea mtoto."

Alitumbukiza mguu. "Baridi kabisa! Ongeza."

Nikaongeza. Akataka tena, nikamimina birika zima huku akinisimulia jinsi breki za lori zilivyomfia mlimani. Nilipouinua mguu na kuufuta, ngozi ya kisigino ilibaki kwenye taulo. Yeye bado alikuwa anasimulia.

"Mbona umeacha kufuta, mwanangu?"

Nilitia mkono wangu kwenye beseni. Nikautoa nikipiga yowe.

Ndipo alipotazama chini. "Huo ni mguu wangu?" akauliza.

Kliniki, Muuguzi Mkuu hakunigombeza. Aliniuliza tu. "Uliuuliza mguu wenye ganzi kama maji ni ya moto?"

"Nilimuuliza mzee."

"Na mzee angejuaje?"

Miaka yote ile nilikuwa nauliza nyayo zisizosikia, na sikuwahi kushtuka.

Kwa miezi walipigania mguu ule usikatwe. Nilimsindikiza kila siku ya kufunga kidonda. Mguu ulibaki, vidole viwili vikaenda. Siku aliyorudi kukandwa, aliushikilia juu ya beseni.

"Tia mkono wako kwanza."

Tangu hapo nilitia mkono wangu kwanza, kwa kila mteja, hadi mwaka huu nikiwa tawi la Utange. Asubuhi moja nilitia, nikaona maji ni vuguvugu. Mwenzangu akapitisha wake, akauchomoa upesi.

"We! Unataka kumpika mtu?"

Nilivitazama vidole vyangu. Vilikuwa vyekundu, na havikuniambia kitu. Kliniki wakanipima: kisukari.

Nilistaafu siku hiyohiyo. Nyinyi mnaoanza, nunueni kipimajoto. Mimi sasa nikitaka kuoga, humwita mke wangu aje kuniambia maji yakoje.