Kipipa cha Mzee Absalom

Hata leo nikisikia harufu ya kahawa na moshi wa kuni mbichi, najiona nimelala uwandani kaskazini mwa Texas, ukungu umefunika nyasi, na ng'ombe wote wanapumua kwa pamoja. Ndani ya ukungu ule anaibuka Absalom Pickett, mpishi wetu sisi wachunga ng'ombe, akichechemea, na nyuma yake turubai jeupe la gari la chakula likionekana na kupotea.

Mguu wake mmoja ulikuwa haukunjiki, na ulimi wake ulikuwa pilipili. Sheria zake tulizijua kuliko za serikali: farasi hapiti karibu na moto akatutimulia vumbi chakulani, na hafungwi kamwe kwenye gurudumu la gari lake. Ukikosea, utakula maneno kwanza, maharage baadaye.

Alichokipenda duniani ni kipipa cha mbao chenye chachu. Kila alfajiri alichota akakanda mikate, kisha akaongeza unga na maji, chachu ikaendelea kuishi. Mkewe, Orpha, ndiye aliyeianzisha juma la harusi yao. Homa ilimchukua Orpha, naye hakuacha picha wala mtoto. Baridi ikiingia, Mzee alilala amekikumbatia kipipa, maana chachu ikiganda, imekufa.

Mwenzetu Virgil Strayhorn, jitu la miraba minne, hakuchoka kumchokoza kwa kipipa hicho.

"Mzee, bibi harusi kaamkaje?"

"Salama. Yeye hakoromi kama wewe, na hanuki kama wewe."

Vuli moja tulikuwa tunavuka mto, upepo wa kaskazini ukatushukia ghafla. Gari liliinama, matandiko yetu yote yakalowa. Ya Mzee tu yalisalimika, kwa kuwa aliyakalia kitini pa gari. Farasi wa Virgil aliteleza, wakazama wote wawili. Refugio, fundi wetu wa kurusha kamba, alimnasa Virgil kwa kitanzi na tukamvuta hadi ukingoni, midomo imekuwa ya buluu. Hata kutetemeka alikuwa ameacha. Theluji ikaanza kuanguka.

"Mvueni nguo. Mleteni kwangu," Mzee akasema.

Akaingia naye kwenye matandiko ampe joto la mwili wake. Lakini Virgil aliyajaza yote, kipipa hakikuenea. Mzee alikipapasa kwa muda, kisha akanyoosha mkono na kukiweka nje, kwenye theluji, chini ya gari.

"Nisamehe, Orpha," akanong'ona, akageuza uso.

Nilisikia, na nikaumia. Zamu ya kwanza ya kuzunguka ng'ombe ilikuwa yangu. Nilikiokota kipipa, nikakifungia ndani ya koti, nikapanda farasi. Tuliwaimbia ng'ombe usiku ili wasishtuke, na usiku ule niliimba polepole kuliko siku zote. Theluji ilishuka bila sauti. Ndani ya koti, juu ya tumbo langu, nilisikia chachu ikichemka kidogo kidogo, nikawa sijui tena kama niko macho au naota, wala kama ninawaimbia ng'ombe au mke wa mtu. Aliyenipokea zamu nilimpa kipipa. Naye alipomaliza akampa mwenzake.

Alfajiri Virgil alikuwa anapumua vizuri. Mzee alitoka matandikoni, akainama chini ya gari. Hakukuta kitu. Akaenda kuwasha moto, mabega yameanguka.

Ndipo Refugio, akitoka zamu ya mwisho, akatokea kwenye ukungu, farasi wake akija moja kwa moja hadi motoni. Mzee akainua mwiko.

"We mwehu! Moto wangu huuoni?"

Refugio akafungua koti, akamteremshia kipipa.

Mzee aliufungua mfuniko. Harufu kali ya chachu ikapanda, na povu likapasuka juu yake. Hakuna aliyethubutu kucheka. Sauti dhaifu ikatoka matandikoni:

"Mzee, bibi harusi kaamkaje?"

"Amezurura usiku kucha na wanaume wa kambi nzima," Mzee akajibu, machozi yakimtiririka hadi kwenye ndevu.

Akajifuta kwa aproni, akamtazama Refugio aliyekuwa bado juu ya farasi, hajui ashukie wapi.

"Shuka ule, mwanangu," akasema. "Na farasi wako mfunge hapo, kwenye gurudumu."