Nilivyompigia Mkuu wa Chuo Masufuria

Mkuu wa chuo amebanwa ukutani, tai yake nzima imejaa keki, wanafunzi wanampigia masufuria masikioni. Aliyewaita ni mimi, mama wa kudeki, hapa Stratford.

Chuo kiliwapa chumba wanafunzi wanaopenda wa jinsia yao, wakae bila matusi. Lakini bango lao la mlangoni lilichanwa kila siku, mpaka mmoja wao, Zawadi, binti wa kwetu, akaogopa kuja masomoni. Mimi hata vita vya kwetu Bukavu vilishindwa kuniangusha. Kule jambazi akiingia, mtaa mzima unapiga masufuria. Nikawafundisha. Walicheka, ila kila mmoja akaleta lake.

Msimamizi wetu wa usafi, Bosco, akaninong'oneza: "Mama Riziki, anayechana anavaa tai."

Asubuhi ile nikamwona mwenye tai, mkono mmoja keki, mwingine anabandua bango. Nikagonga ndoo kwa nguvu zote. Vijana wakamiminika!

"Mama, acha! Ni mkuu!" Zawadi alilia kwa kicheko. "Anatoa mabaki atubandikie jipya, na keki ni yetu!"

Tulicheka wote, hata mkuu. Bosco alicheka kuliko wote, akachomoa leso afute machozi. Vikadondoka vipande vya bango la jana.

Haya Bosco, jibu mbele ya watoto: vilifikaje mfukoni mwako?