Buni za Mama na Protini ya Kwenye Skrini

Mikono ya mama ilipoanza kutetemeka, nilikuwa nimepanga chumba Kahororo, karibu na ziwa, nikifanya utafiti wa dawa kwa kompyuta. Kazi yenyewe ukiisimulia kijijini kwetu Izigo watu wanakucheka. Nafungua hifadhidata ya mtandaoni, ghala ambamo watafiti wa dunia nzima wameweka maumbo ya protini za mwili, kila moja na molekuli ndogo zinazonasa ndani yake. Naligeuza umbo taratibu. Lina mikunjo na vishimo, na katika kishimo kimoja kitu kidogo kimekaa, kimetulia. Asubuhi, ukungu wa ziwa ukipanda mpaka dirishani, nilikuwa nasahau niko wapi.

Daktari alisema ni ugonjwa wa Parkinson. Mama hakulijali jina. Kilichomuuma ni kwamba wakwe watarajiwa wa dada yangu walikuwa wanakuja, na kwetu mgeni hupewa buni zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa, azitafune. Mwenye nyumba hutangulia kutafuna, mgeni aone hakuna sumu, ndipo amkabidhi kikapu kwa mikono miwili. Mama alikuwa ameshamwaga buni mbele ya majirani.

"Shangazi yako atatoa," aliniambia kwenye simu. "Mimi nitakaa jikoni."

Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Nikaingia kwenye hifadhidata, nikaandika jina la protini ya ubongo ambayo watafiti wa ugonjwa huo wanaifuatilia. Umbo likatokea, na ndani ya kishimo chake imekaa kafeini. Ile ile ya kahawa yetu! Niliitazama mpaka chai ikapoa. Nikaiona mibuni ya nyuma ya nyumba ikiota ndani ya skrini, na mama akipita katikati ya mikunjo ya protini, kikapu mkononi, mikono imetulia tuli.

Nilifika Izigo nikamwonesha picha kwenye simu.

"Haka kadogo ndiyo kahawa?"

"Ndiyo, mama. Kanaingia hapa, kanakaa."

"Mbona nimetafuna tangu utoto na bado natetemeka?"

Hifadhidata inasema nini kinanasa wapi, na kwa nguvu gani. Haisemi nani atapona. Nikaizima simu. Mama akanicheka.

"Msomi wangu, usinune. Hebu nioneshe tena."

Akaigeuza picha kwa kidole chake, ikawa inayumbayumba. Aliitazama muda mrefu.

"Kameshikwa vizuri," alisema, akanirudishia simu.

Siku ya wakwe alitoka jikoni mwenyewe. Akatafuna buni, kisha akanyanyua kikapu kwa mikono miwili. Kikaanza kucheza, buni zikagongana ndani. Shangazi akainuka kumsaidia, mama akamkatalia kwa macho. Nilitamani ardhi inimeze kwa ajili yake.

Ndipo mama wa bwana harusi akapiga magoti mbele yake. Akaingiza viganja vyake chini ya viganja vya mama, akavishikilia mpaka kikapu kikatulia. Mkono mmoja akauacha pale pale, kwa ule mwingine akachukua buni, akatafuna.

"Kasinge waitu," alishukuru. "Zimekauka vizuri."

Mama hakurudi jikoni. Alikaa sebuleni mpaka wageni walipoondoka, mikono yake ikitetemeka waziwazi mapajani.