Mpe Simu Mtu Ambaye Halii

Mama Viti alikuwa na ugonjwa mmoja tu ambao hospitali haina dawa yake: kuuliza kwa nini. Jirani akihamisha mlango wa jiko, atauliza kwa nini. Akitoka kwenye ibada, atamvizia mhubiri nje amuulize kwa nini Mungu aliumba mbu. Dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa akimwambia, "Wewe siku yako ikifika utamchelewesha malaika mlangoni. Yeye atasema twende, wewe utasema kwa nini."

Jina la Mama Viti alilipata kazini. Alikodisha viti vya plastiki na maturubai kwa wenye harusi na wenye misiba. Mali yake yote iliingia kwenye stoo yenye mlango wa mabati, nyuma ya gereji: viti vimepandana karibu kugusa dari, maturubai yamekunjwa, vyuma vimelazwa kando ya ukuta, na harufu ya sabuni haiishi, kwa maana kila kiti kilichorudi kilioshwa kabla ya kulala.

Kiti kimoja hakikukodishwa. Kilikuwa na mguu uliopungua kidogo, nacho kilikuwa kiti cha dada. Jioni akitoka sokoni alipita pale, akakikalia, akawa anayumbayumba.

"Hiki kinanibembeleza," alisema. "Ila nikifa, wageni wangu msiwakalishe kwenye viti vya namna hii. Mtu ataanguka, watu wataniangulia kicheko msibani kwangu."

"Usiseme maneno hayo, dada."

"Kwa nini?" dada alimuiga, kisha akacheka mwenyewe.

Mama Viti alikuwa na dereva wa pikapu aliyeitwa Breki, kwa sababu aliweza kusimamisha gari ili kuku avuke barabara na vifaranga vyake vyote. Kazi yao kubwa ilitoka kwenye chama cha kufa na kuzikana cha mtaa ule. Harusi zina msimu wake, misiba haina. Chama ndicho kilichoifanya stoo ile iwe wazi mwaka mzima.

Shida ilikuwa kuchelewa. Viti vilifika waombolezaji wakiwa wameshachoka kusimama. Kwa muda mrefu Mama Viti alimlaumu Breki na kuku wake. Kisha akaalikwa kwenye semina ya wenye biashara ndogo za huduma, yeye na vinyozi na madobi na wenye saluni. Mkufunzi, mama mmoja mpole mwenye sauti ya kukauka, aliwaambia wasimtafute mkosaji, watafute mzizi. Nenda ukatazame kwa macho yako. Rekebisha jambo moja, uone kama limesaidia, ndipo ushike jingine. Kumwambia Mama Viti aulize kwa nini ni kama kumwambia samaki aogelee. Alirudi amechangamka kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Alichukua chaki, akaugawa mlango wa stoo kwa mstari. Upande huu harusi, upande huu misiba. Kila walipochelewa, alichora alama.

"Bosi, unaniandikia dhambi zangu hadharani?" Breki aliuliza.

"Si zako. Bado sijajua ni za nani."

Baada ya muda upande wa misiba ulijaa alama, na ule wa harusi ulibaki karibu mtupu. Mama Viti alisimama mbele ya mlango huo, mikono kiunoni. Gari lile lile. Dereva yule yule, kuku wale wale. Sasa kwa nini harusini tuwahi na msibani tuchelewe?

Alidhani ni haraka ya kupakia, kwa kuwa kifo hakitoi taarifa. Basi wakawa wanapakia pikapu tangu jioni, iamke tayari. Msiba ulipotokea waliondoka mara moja, na bado walichelewa. Msiba uliofuata ulikuwa wa mwanachama, na Mama Viti alipanda pikapu mwenyewe, akakaa kando ya Breki, akatazama. Mjane aliyepiga simu alikuwa amesema wapite shule, watafute geti la kijani. Walipita shule. Walizunguka mpaka watoto wa mtaa wakaanza kuwapungia mkono kama watu wanaofahamiana. Geti la kijani halikuwepo. Simu ya mjane iliita bila kupokelewa. Mwisho walisikia vilio, wakavifuata, wakakuta geti jeusi.

"Mtu hajui rangi ya geti la kwake?" Mama Viti alinong'ona kwa hasira.

"Aliye kando haangukiwi na mti, bosi," Breki alisema, akaanza kushusha viti.

Kesho yake mwenyekiti wa chama alikuja stoo. Alikuwa mstaafu mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyoogopesha.

"Mama, nakuheshimu. Lakini jana wazee wamekalia ndoo. Ndoo, mama! Shemeji yangu amekalia gunia la mkaa, na kanzu yake nyeupe. Nisingependa kuondoka kwako. Ila mkichelewa msiba mwingine wa mwanachama, chama kitatafuta viti kwingine."

Bila chama, stoo ingefungwa, na Breki angerudi kubahatisha vibarua.

Msiba uliofuata ulikuwa wa dada yake.

Dada alifariki alfajiri, kwa presha, akiwa ameshika kanga yake aikunje. Tunasema Mungu ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa, na ni kweli, lakini ukweli huo siku ile haukuingia kifuani. Mama Viti aliangua kilio, kisha akajipangusa kwa sababu dada alikuwa mwanachama na kuna kazi ya kufanywa. Alimpigia Breki.

"Peleka viti kwa dada."

"Ee Mungu wangu. Pole sana, bosi. Ni wapi? Sijawahi kufika kwake."

"Nyuma ya kiwanda cha mikate. Mlango wa bluu."

Alisema vizuri, bila kigugumizi. Breki alisema ameshapaelewa.

Watu walianza kuja. Walisimama uani, wakahama na kivuli. Mwenyekiti alifika, akatazama huku na huku, akaegemea ukuta. Wazee walipewa mikeka. Mama Viti alikuwa ndani na wanawake, na kila gari liliponguruma nje alichungulia dirishani.

Pikapu ilipofika, Breki aliingia akitiririka jasho, kofia mkononi.

"Bosi, nisamehe. Nilifika pale kwenye mlango wa bluu, nikashusha viti, nikasimamisha turubai. Nikaona kimya. Mwenye nyumba akatoka na kikombe cha chai, akaona turubai uani kwake. Akaniuliza, nani amekufa? Mimi nikasema, ni humu humu. Yule baba aliweka kikombe chini, akaanza kuita watoto wake mmoja mmoja kwa majina!"

Shangazi mmoja aliyekuwa akilia alikohoa, na kikohozi kikageuka kicheko. Kikaenea chumba kizima, vicheko na machozi pamoja. Mama Viti naye alicheka, akasikia sauti ya dada ikisema wataniangulia kicheko. Ndipo akagutuka.

Dada hakuwa akiishi nyuma ya kiwanda cha mikate. Alihama pale miaka mingi kabla, na ukoo wote ulijua. Mlango wa bluu ulikuwa wa nyumba aliyoingia akiwa bibi arusi, ndimo alimomleta mdogo wake yatima na kumlea. Alipoulizwa kwa dada ni wapi, Mama Viti hakukosea. Alikuwa amerudi mtoto, na kwa mtoto yule, kwa dada palikuwa pale.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walipomaliza kuzika, alikwenda kwa mjane wa geti jeusi. Hakwenda kumlaumu, alitaka kujua.

"Mama, nisamehe kwa swali. Geti lenu liliwahi kuwa la kijani?"

Mjane aliinamisha kichwa. "Tulipohamia. Marehemu alilipaka mwenyewe. Kwani nilisema kijani?"

"Ulisema kijani."

"Haya," mjane alisema polepole, kama anayeonyeshwa picha yake ya zamani.

Kutoka hapo Mama Viti alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Alimweleza yote: chaki, geti, mlango wa bluu. "Tumekuwa tukimuuliza njia mtu ambaye hayupo; mfiwa amerudi zamani," alisema. "Nipe msiba mmoja tu. Tukichelewa, usije hata kuniaga."

Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho. Alikumbuka nyumba yake mwenyewe ya zamani. Na yeye alikuwa amewahi kuzika wa kwake. "Mmoja," alisema.

Simu ilikuja asubuhi moja, wakati wa kuosha viti. Sauti ya mwanamume, imekwaruza. Yeye ni mwanachama, mama yake mzazi amefariki, wanahitaji viti na turubai. Akaanza, "Ukifika kwenye kituo cha mafuta, unakata..."

"Baba, pole sana," Mama Viti alimkatiza taratibu. "Mungu awatie nguvu. Usinielekeze. Hapo ulipo, mpe simu mtu yeyote ambaye halii."

Palisikika mikwaruzo, kisha sauti ya jirani, kavu na ya kazi kama ya karani wa benki. Kituo cha mafuta? Kilishabomolewa. Pita msikitini, mkono wa kulia, nyumba yenye tangi jeusi juu. Na nitasimama barabarani nikiwa na shati jekundu.

Breki hakusimama kwa kuku hata mmoja. Walimkuta shati jekundu. Turubai lilikuwa limeshainuka na viti vimepangwa wakati mwanamume yule alipotoka ndani, macho yamevimba. Aliona kiti mbele yake, akakaa, akafunika uso. Wazee walioingia nyuma yake walikaa pia. Mwenyekiti alipita akigusa viti vya mstari wa mbele kimoja kimoja, kama anayehakikisha si ndoto.

"Tutaonana msiba ujao," alimwambia Mama Viti. Katika kazi ile hakuna shukrani kubwa kuliko hiyo.

Jioni, stoo, Breki alipokuwa akipanga viti alikiona kile chenye mguu mfupi pembeni, hakina mtu.

"Bosi, nikikate miguu mingine kiwe sawa? Au tukitupe?"

"Kiache hivyo hivyo."

"Kwa nini?"

Mama Viti alichukua kitambaa, akakifuta vumbi kiti kile, mgongo na mikono yake. Kisha akasukuma mlango wa mabati, wenye alama za chaki, akaufunga.