Chakula Laini cha Kizimba cha Tisa

Mjomba wangu alitunza panya kwa miaka kumi na tisa, na mtaani hawakuchoka kumcheka. Wenzake wanatega panya, walisema, yeye anawatandikia. Walimwita Bwana Panya, naye aliitika bila kinyongo, maana ni kweli aliwatandikia. Alibadilisha maranda kwenye vizimba vya maabara ya utafiti, aliosha chupa za maji, na kila asubuhi alimpima panya mmoja mmoja kwenye mizani ndogo ya gramu. Shule aliiacha mapema, lakini alimjua panya mgonjwa kabla daktari hajamaliza kuvaa glavu.

Mimi ni mtoto wa dada yake, fundi cherehani, na nilikuwa mgonjwa wa utumbo. Nisizunguke: nilikuwa naharisha damu. Kinga ya mwili wangu iliugeukia utumbo wangu mwenyewe ikautia vidonda. Kutoka kwenye cherehani hadi chooni ni hatua kumi na saba, na kuna siku nilizipiga mara ishirini. Wateja niliwaambia tumbo limechafuka tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kilianza kuniumbua kwa sketi zangu, ambazo mwaka ule nilizipunguza kiuno mara nne.

Dawa zilinisaidia, kisha zikagoma. Daktari wa hospitali akanipa hadi mwisho wa mwaka: nisipopata nafuu, utumbo mpana utatolewa wote na choo kitapita kwenye mfuko ubavuni. Aliyasema hayo kwa utulivu, na nilimchukia kwa utulivu huo.

Ndipo mjomba akaja na habari. Pale maabara, daktari mmoja mwanamke waliyemwita Miwani alikuwa anajaribu tiba ya jeni kwa ugonjwa kama wangu. Mjomba aliketi kwenye kiti cha wateja, akanieleza huku mikono yake ikienda juu na chini.

"Wanachukua kirusi, wanakitoa makali, wanakibebesha jeni. Kinaingia kwenye utumbo, kinaiacha pale. Halafu utumbo wenyewe unaanza kutengeneza dawa ya kutuliza vidonda. Humezi vidonge tena, mjomba. Unakuwa kiwanda mwenyewe."

Yeye na mimi huitana mjomba, kila mmoja kwa mwenzake.

"Na kiwanda changu kinafunguliwa lini?"

"Panya kwanza. Panya wakipona, watu wanafuata."

Alikuwa ameshamwomba Miwani anikumbuke. Miwani alimjibu kwamba kufika kwa watu bado ni safari ndefu, ila orodha ya watu wa majaribio ikifunguliwa ataliweka jina langu mbele. Hakuahidi kitu. Mjomba alisikia ahadi, akaileta nyumbani, na mama na mimi tukaipokea hivyo hivyo.

Panya wote walitiwa ugonjwa kwa dawa iliyochanganywa kwenye maji yao ya kunywa. Nusu walidungwa kirusi chenye jeni, nusu wakadungwa kirusi kitupu. Nani kapata nini, mjomba hakuambiwa, ili jicho lake lisipendelee. Yeye alitakiwa kupima uzito, kuangalia kama choo kina damu, na kuandika.

Siku ya tano vizimba kadhaa vilinyong'onyea, na cha tisa ndicho kilichomshinda. Panya watatu walijikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama, hawawezi tena kujinyoosha kufikia chakula kilichowekwa juu kwenye waya. Mjomba alikuwa na desturi yake kwa panya dhaifu. Aliloweka chakula chao kikavu kwenye maji mpaka kikawa laini kama uji, akakiweka kwenye kisahani chini, pale pale walipolala. Katika majaribio mengine alikuwa akisifiwa kwa hilo. Basi akaloweka. Alianza na kizimba cha tisa, kesho yake cha kumi na moja, na mwishowe kila kizimba kilichomtia huruma. Hakuandika popote, kwa kuwa hakuona kuwa kumlisha mgonjwa ni jambo la kuandika.

Panya wakanyanyuka. Alikuja kwetu anacheka mpaka kizingitini.

"Wanapona, mjomba. Wote."

Hilo neno "wote" ndilo lililotumaliza. Miwani alipofungua orodha ya siri ya nani kadungwa nini, waliopata jeni na waliopata kirusi kitupu walikuwa wazima sawasawa. Kwenye karatasi, maana yake ni moja tu, kwamba jeni haikufanya lolote. Ikaamuliwa utafiti ufungwe na vyumba wapewe wengine.

Mjomba alikaa na habari hiyo siku tatu. Siku ya nne akafungua daftari lake la maji, ambamo huandika kila chupa imepungua kiasi gani, na ambalo hakuna aliyewahi kulisoma ila yeye. Kila kizimba alichokilisha, maji yalikuwa hayajapungua. Wale panya walikuwa wanapata maji kwenye chakula chake kilicholowekwa, maji safi ya bomba, kwa hiyo hawakuona kiu na hawakunywa yale yenye ugonjwa. Si jeni wala si mjomba aliyewaponya. Waliacha tu kuugua.

Alikuja na daftari mchana, nikiwa nashona upindo wa gauni la mteja.

"Jeni haina kosa," akasema. "Kosa ni langu."

"Nani anajua?"

"Mimi na wewe."

Nilipiga hesabu upesi kuliko nilivyotaka. Asiposema, tiba imekufa. Akisema, anafukuzwa, na jaribio linaanza upya kwa miezi mingi, nami nimebakiwa na wiki saba. Kwangu mimi maji yalikuwa yamezidi unga kwa vyovyote vile. Hasira ikanipanda.

"Kwani nani alikutuma uwalishe?"

"Walikuwa wamejikunyata," akasema, "kama wewe unavyojikunyata pale mlangoni pa choo."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote. Niliendelea kushona, na baadaye niligundua nimeshona mahali palipokwisha kushonwa.

Kesho yake asubuhi alikwenda, daftari kwapani. Miwani hakumfokea. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa, akavua miwani yake, akamuuliza swali moja tu: "Mbona hukuuliza?" Wiki haikuisha, mjomba akatolewa kwenye kazi ya panya. Tenda wema uende zako, wahenga walisema, naye alikwenda zake kweli, na buti zake za mpira mkononi.

Jaribio lilirudiwa na mtunzaji mwingine. Nilikuja kusikia baadaye kwamba wenye jeni waliishi na wengi wa wale wa kirusi kitupu walikufa. Orodha ya watu haijafunguliwa mpaka leo.

Mimi nilipasuliwa wiki saba zilipotimia. Lisilo budi hutendwa. Siku ya tatu nililala ubavu, mfuko umebandikwa tumboni, njaa inaniuma kuliko kidonda. Mjomba akatokea mlangoni na bakuli la uji mwepesi, akasimama pale pale.

"Anaruhusiwa?" akamuuliza muuguzi.

"Bado, baba. Mpaka utumbo uliobaki uanze kazi. Pengine kesho."

Akashukuru, akaketi, bakuli magotini. Muuguzi akatoka akaufunga mlango. Mvuke wa uji ulinifikia kitandani, na sioni aibu kusema kwamba nilitokwa na machozi kwa ajili ya uji.

"Mjomba," nikanong'ona, "kijiko kimoja tu. Nani atajua?"

Alinitazama nilivyojikunyata. Mkono wake ulikwenda kwenye kijiko, ukarudi.

"Mimi na wewe," akasema, na akalifunika bakuli.