Tiyo Chini ya Mashini Yangu

Tiyo ya kuzimia moto, ile mupira murefu ya kitambaa nguvu yenye pompie, wale wazima moto, wanavuta kutoka ku kamyo, ikikauka vibaya inanuka kama mbuzi yenye imenyeshewa. Mi nimenusa ile harufu miaka mingi. Mashini yangu ya kushona iko ku baraza ya duka ya muzee moja mwarabu, mu Bwiza, na chini ya meza kulikuwaka karibu kila wiki tiyo moja, imekunjwa kama mukeka. Wateja wakija kupimwa nguo walikuwa wananiuliza: "Mama, siku hizi unauza na nyama?"

Ilianza na bwana yangu. Yeye ni pompie. Siku moja alirudi kutoka ku kazi na tiyo ku bega, imepasuka, akaniambia: "Mama watoto, angalia kama unaweza." Ingine hapakuwa. Nikakata kipande ya mupira ya baisikeli, nikaibandika na solisyo ya mafundi wa baisikeli, juu yake nikaweka turubai, nikashona kwa mukono na uzi yenye nilipitisha mu nta ya mushumaa. Uzi yenye nilikuwa nayo siku ile ilikuwa nyekundu, ilibaki ku nguo ya harusi ya mutu. Kabla ya kuingiza sindano nilisema Bismillahi, sababu kitu yenye inaenda ku moto haishonwe hivi hivi.

Maji ilipita, haikuvuja. Toka siku ile kila tiyo yenye ilipasuka ilikuja kwangu, na mi nikaendelea na uzi nyekundu. Wenzake wakiona kiraka walikuwa wanasema: "Hii imepita kwa shemeji." Sikuwaomba kitu. Niliona ni kama mutu mwenye anafagia muskiti, hakuna mwenye anamuuliza, na yeye haulizi.

Wale pompie wako na sendika yao, chama ya kutetea wafanyakazi. Si kitu kubwa: wanaume kadhaa, benchi mbili, na kashe moja, muhuri ya barua, yenye wino inakauka kila mara. Kila mwaka, kabla bajeti haijapita, wanaandika barua kuomba tiyo mupya, buti, na kamyo yenye inaweza kupanda mulima bila kusukumwa. Na kila mwaka jibu inakuja ile ile: tiyo zenye muko nazo zinafanya kazi.

Jumatatu moja delege, mwenye anasemea sendika, akakuja ku baraza. Ni mukristo wa Kanyosha, munene, mwenye kucheka kwa sauti. Akakaa ku kiti ya wateja, kiti ikalia.

"Shemeji, nimekuja kukuachisha kazi."

"Nimekosa nini?"

"Unashona vizuri sana. Hiyo ndio kosa."

Bwana yangu alikuwa nyuma yake, anaangalia barabara. Delege akanielezea. Yule shefu mwenye anagawa bajeti alikuwa amekubali kuja Alhamisi kuangalia tiyo na macho yake. Siku zote akituma mutu, anakuta zimeshonwa, hazivuji. Safari hii walitaka akute tundu.

"Tutamusimamisha karibu kabisa," delege alisema, "halafu tufungue maji, alowane mpaka soksi. Mutu mukubwa akilowana soksi anaandika haraka."

Nilicheka. Muzee mwarabu naye nikamusikia anacheka kule ndani ya duka. Halafu nikauliza:

"Na moto ikija kabla ya Alhamisi?"

"Siku tatu tu, shemeji. Mungu wako na Mungu wangu watalinda."

"Usimutume Mungu kama mutoto wa duka."

Delege akaangalia bwana yangu ili amusaidie. Bwana yangu akasema pole pole, bado anaangalia barabara: "Kubali, mama watoto. Tukishona kila mwaka, mi nitazeeka na viraka ku mukono."

Nikakubali. Nilitoa neno yangu mbele ya watu wawili, na muzee ndani watatu. Chini ya mashini kulikuwa tiyo moja yenye ilikuja siku iliyopita, imepasuka upana wa kiganja, bado sijaigusa. Delege akaisukuma na muguu. "Hii ibaki hapa hapa mpaka Alhamisi asubuhi. Wakiitumia itapasuka yote."

Ilibaki.

Kesho yake, Jumanne, adhuhuri ilikuwa imepita kidogo. Nikasikia kengele ya kamyo, na watu wanakimbia kuelekea nyuma ya kartie, mutaa yetu. Niliacha nguo ya mutu chini ya sindano, nikakimbia nao. Ilikuwa chumba ya mama muzee moja mwenye aliuzaka ndagala, wale samaki wadogo. Alikuwa anazifuata mwenyewe Kajaga ku ziwa, anarudi na beseni ku kichwa. Alikuwa anakaanga, mafuta ikashika moto, moto ikashika pazia.

Kamyo haikuweza kuingia mu kichochoro. Ilisimama ku barabara, wakaunganisha tiyo moja na ingine na ingine, wakavuta. Ilifika ku mulango ya jirani, ikaisha.

Zilibaki hatua kumi hivi. Bwana yangu alikuwa ameshika ile chuma ya mbele yenye inarusha maji, amejipinda mbele, mukono imenyooka mpaka mwisho, kama vile nyama ya mukono yake inaweza kuongeza tiyo. Maji ilikuwa inaanguka ku uwanja, ku nguo za watu zenye zilianikwa. Haikufika. Akageuka kutafuta mutu wa kumushikia, na mi ndiye aliniona.

Hatua kumi zile sote wawili tulijua ziko wapi.

Alimuachia mwenzake ile chuma, akalowesha gunia, akajifunika, akaingia. Watu walikuwa wanarusha maji na mabeseni. Akamutoa mama yule kupitia dirisha ya nyuma. Alikuwa muzima, lakini mikono yote miwili na kifua vilikuwa vimeungua.

Siku ile bwana yangu hakukula.

Jumatano baada ya sala ya alfajiri nilikaa ku musala na tasbihi, na kila nilichotaja kilikuwa tiyo. Nilienda ku baraza mapema, nikaivuta kutoka chini ya mashini, nikaiweka ku magoti. Neno yangu nilikuwa naikumbuka vizuri. Niliikumbuka, na mikono ikaendelea. Nilijiambia wako na zingine zenye zinavuja, watamuonyesha shefu zile. Hii moja irudi tu ku kamyo. Sikuenda kuuliza kama ni kweli. Niliogopa wataniambia apana.

Niliweka mupira mara mbili na turubai mara mbili. Matundu ya sindano nikayafunga na solisyo, moja moja. Alasiri nikamaliza. Ile ndio kiraka muzuri kuliko zote nimeshona mu maisha yangu. Nikaikunja, kiraka ikabaki ndani, nikairudisha pale pale.

Alhamisi asubuhi bwana yangu alipita, akainua ile tiyo ku bega bila kuifungua, akaenda.

Uwanja yao iko karibu na barabara, kwa hiyo watu walijaa kuangalia. Mi nilisimama na wanawake ku ukuta. Shefu alikuja na suti yenye imepigwa pasi hata ku mikono. Delege alimushika kiwiko kama bwana harusi: "Hapa, Shefu, simama hapa, hapa kuna kivuli." Wakafungua tiyo. Nikaiona, nikaijua. Kumbe ndio ile yenye walichagua, sababu ndio ilipasuka zaidi kuliko zote, na mi peke yangu ndiye sikutaka kujua. Nilitaka kupiga kelele. Delege alikuwa ameshainua mukono wafungue maji.

Maji ikaja. Tiyo ikajaa, ikanyooka, ikawa ngumu kama mbao. Hakuna tone. Kule mbele maji ikaruka juu, muzuri sana, watoto wakapiga makofi.

Shefu akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vikavu.

"Hii ndio munalilia?"

"Shefu, ngoja kidogo, tuko na zingine," delege alisema.

Lakini yule alikuwa ameshaangalia saa. Akielekea ku gari akageuka: "Muko na fundi muzuri. Mumutunze."

Gari ilipoenda, delege alichuchumaa, akapitisha mukono ku tiyo mpaka akapata kiraka. Akafuata uzi nyekundu na kidole, pole pole, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Halafu akaniangalia pale ku ukuta. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Shemeji, umetushona midomo."

Bwana yangu aliikunja ile tiyo peke yake. Hakuna mwenye alimusaidia.

Nyumbani aliniambia tu: "Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ungeniambia."

Jumapili alitoka mu komite ya sendika. Wenzake wakaanza kupita upande ingine ya barabara wakifika karibu na baraza yangu. Bajeti ikapita bila tiyo.

Mama wa ndagala walimurudisha kutoka hospitali kwa mutoto wa dada yake. Nilikuwa namupelekea uji kila asubuhi, namulisha na kijiko, sababu mikono ilikuwa imefungwa. Siku moja akaniambia: "Umuambie bwana yako asante. Nilimuona kupitia moshi. Alinyoosha mukono mpaka mwisho."

Nikasema nitamuambia. Nilikuwa nimekuja na nia ya kumuelezea habari ya tiyo chini ya mashini yangu, nimuombe radhi. Nikaona anacheka kidogo, nikaacha mpaka kesho. Kesho nayo nikaacha. Vidonda vikaoza, homa ikapanda, na Ijumaa moja wakaniita, si kwa uji. Niliingia na wanawake wengine kumuosha. Mikono niliosha mi mwenyewe, maji kidogo kidogo. Nikamuomba radhi pale, na pale hakuna mwenye anajibu.

Mi nilikuwa nimeanza masomo ya jioni ya kusoma na kuandika wakati kitinda mimba wangu aliingia mwaka wa kwanza, tukawa tunafanya mazoezi naye ku meza moja. Mwalimu wetu alitufundisha barua ya ofisi: pahali, tarehe, sababu ya kuandika. Alisema barua ya ofisi haiwekwe machozi. Arobaini ya yule mama ilipopita nilinunua karatasi yenye mistari, nikamuandikia yule shefu wa bajeti. Nilimuandikia kwamba tiyo yenye aliona haivuji, mi ndiye niliishona siku moja kabla, bila ruhusa ya mutu. Kwamba zingine zote ku kamyo nimezishona mi pia, na mupira ya baisikeli. Na kwamba kuna mama aliungua akafa, sababu tiyo yenye ingemufikia ilikuwa chini ya mashini yangu, inangojea yeye shefu aje aione.

Jumapili nikaipeleka ku uwanja, waipige kashe. Delege akaipokea, akaisoma kwa sauti, akafika pale ku mama, akasimama.

"Shemeji, hii mustari tuitoe."

"Kwa nini?"

"Watasema ni sendika ndio ilimuua. Mi ndiye nilisema ibaki pale."

"Najua. Na mi ndiye nilisema sawa."

"Tuweke tu habari ya viraka. Inatosha."

"Ukitoa hiyo, toa na jina yangu, karatasi ufungie ndagala."

Alikaa ku benchi, na hakucheka. Alivua kofia, akapangusa uso muda mrefu. Halafu akamuita bwana yangu, akamupa kashe. Bwana yangu akapulizia ile wino yenye ilikauka, akakandamiza na mikono yote miwili. Ilitoka hafifu, lakini inasomeka.

Barua ilienda. Mwezi umepita, mwezi mwingine umepita, jibu bado. Kila sala namuweka yule mama mbele, halafu sendika, halafu shefu pia, Mungu amufungulie moyo.

Wiki hii bwana yangu alikuja ku baraza na tiyo ku bega. Imepasuka pembeni ya kiraka yangu, si ku uzi, ku kitambaa yenyewe, imechoka. Aliiweka ku magoti yangu. Nilimuangalia usoni.

"Nishone?"

"Kamyo inangoja," alisema.

Hakuondoka kama siku zingine. Alikaa ku kiti ya wateja, akashika tiyo huku na huku ikaze, na mi nikatafuta uzi.