Siku Kabula Alipocheza Bila Ugoro

Sesilia binti Januari wa Tinde hakuwahi kuwa mtu wa kutulia kitini, lakini juma lile la mashindano alizidi. Alifagia ua mara tatu asubuhi moja. Alianza kupepeta mtama akauacha ungo mlangoni, kuku wakasherehekea. Kila mara alikwenda chumba cha nyuma, akafunua kapu, akachungulia, akarudi uso umemkunjamana. Ndani ya kapu alilala Kabula, chatu wake wa miaka kumi na minne, na Kabula hakuwa amekula kitu tangu mahindi yavunwe.

Asiyejua mambo atauliza, mama mzima wa watoto wanne ana kazi gani na chatu? Sesilia alizaliwa katika nyumba ya Bayeye, wale wacheza ngoma za nyoka wa Usukumani, na kwao nyoka hakuwa kioja. Babu yake aliwafuga kwa ajili ya dawa: mtu aking'atwa na kifutu shambani, aliletwa uani kwake akachanjwa dawa iliyotokana na nyoka hao. Baba yake, mzee Januari, alichanja pia, ila uzeeni alipoona hospitali ya mjini ina dawa ya sumu, waliong'atwa aliwapakia mwenyewe kwenye pikipiki, na wenzake wakamcheka kwamba amesalimu amri. Nyoka akabaki nao kwa ajili ya ngoma tu. Sesilia yeye alikuwa akicheza kwenye harusi za wanunuzi wa dhahabu kule Nyasubi, Kahama, ambako hakuna apigaye makofi kwa sababu mikono yote imeshika simu. Jambo hilo lilimuudhi kuliko kutolipwa. Mtu umebeba kilo ishirini shingoni, unatazamwa na vioo!

Katika mabadiliko yote hayo, kitu kimoja hakikuguswa: ugoro. Kabla ya ngoma, mchezaji huchovya kidole kwenye tumbaku iliyosagwa na magadi, akampaka nyoka ndani ya kinywa. Nyoka hulegea, akaning'inia shingoni kama kanga mbichi, hata ukikiingiza kichwa chake mdomoni mwako hana habari. Januari alimfundisha binti yake kwamba hiyo ni salamu, kwamba mgeni hakaribishwi ngomani kwa mikono mitupu. Sesilia aliiamini salamu hiyo kama alivyoiamini sala ya Baba Yetu. Kila siku ya ngoma alimsalimu Kabula, na Kabula akaitika kwa kulegea.

Mwezi mmoja kabla ya mashindano, aliona ute wenye damu ukimtoka Kabula mdomoni. Alijaribu majani ya baba yake siku nne. Ya tano alilifunga kapu nyuma ya bodaboda akaenda mjini, Kambarage, kwa Eunice, daktari wa mifugo mwenye kiduka cha dawa. Wateja wawili waliokuja kununua dawa ya kupe walitoka mbio, mmoja akaacha chenji yake mezani.

"Shikamoo mama," alisema Eunice, naye akiwa amesogea hadi ukutani.

"Marahaba mwanangu. Usiogope, huyu mgonjwa."

Eunice aliogopa hivyo hivyo na akafanya kazi hivyo hivyo. Alikifungua kinywa cha chatu kwa kijiti kilichozungushiwa pamba, akamulika kwa tochi. Fizi zilikuwa zimeoza, nyeusi upande mmoja, na meno mawili yalining'inia.

"Mama, mnampa nini huku ndani?"

"Ugoro. Tunamsalimu tu."

Daktari alizima tochi, akitafuta maneno yasiyomvunjia mtu heshima. "Salamu hii inamuunguza, mama. Kule kulegea ni kuleweshwa, nusu ya kufa. Nitamsafisha, nitamchoma sindano, atapona. Lakini akipakwa tena, hafiki masika."

"Sasa nisipompaka, atachezaje?"

"Kusema kweli sijui. Sijawahi kuona mtu akicheza na chatu aliye macho."

Sesilia alirudi Tinde akiwa na hasira, na hasira ikakosa pa kukaa. Amkasirikie nani? Binti aliyesema kweli, au baba yake aliye kaburini? Kwa majuma matatu alimpeleka Kabula kuchomwa sindano, fizi zikarudi rangi, na kila zilivyorudi ndivyo usingizi ulivyomtoroka mwenye chatu.

Maana mashindano ya kwao hayana majaji. Makundi mawili huingia uwanja mmoja, wakati mmoja, kila moja na ngoma zake, na watu huachwa wajiamulie. Atakayewavuta ndiye mshindi. Atakayebaki akiwachezea mbwa na wauza karanga, msimu wake umekwisha. Mwaka huo walipangiwa kundi la bwana Ngusa, wacheza ngoma ya majembe, ambao siku hizi walikuja na jenereta na spika ndefu kama mlango. Na kundi la Sesilia lilikuwa Kabula. Wengine wote, hata yeye mwenyewe, walikuwa wasindikizaji.

Kaka yake Abel, mpiga ngoma mkuu, hakuzungusha maneno. Aliwahi kuchimba dhahabu Geita, duara, yaani shimo la mgodi, likamwangukia, akatolewa hai, akaapa kutokula tena jasho la chini ya ardhi. Ngoma ndiyo iliyokuwa mkate wake.

"Dada, mara moja tu," alisema siku yenyewe, akimnyooshea kikopo cha ugoro. "Leo tu. Kesho mpeleke hata kwa madaktari wa Ulaya."

Ng'ambo ya uwanja spika ya Ngusa ilikuwa imeanza kutikisa ardhi, na watu walikuwa wakimiminika huko. Sesilia alichovya kidole. Alimfungua Kabula kinywa, akaziona fizi changa za waridi, kidole kikasimama hewani. Akakifuta kwenye majani.

"Piga ngoma," akamwambia Abel, na akaingia uwanjani kabla hajabadili nia.

Alijua ndani ya hatua tatu kwamba amebeba mtu mwingine. Uzito ulikuwa uleule, lakini sasa ulikuwa na akili. Kabula alijiviringisha mkononi mwake, akakaza, akalegeza, akainua kichwa hadi usawa wa uso wake na kutoa ulimi, akimnusa shavuni polepole kama anayeulizia jina lake. Sesilia aliogopa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na nyuma ya woga ikaja aibu. Miaka kumi na minne nimecheza na mlevi, aliwaza, nikajisifu kwamba tunapendana.

Basi hakucheza hatua alizozijua. Chatu alipovuta kushoto alikwenda kushoto, aliposimama alisimama. Abel, ambaye pamoja na ubishi wake alikuwa fundi, alimtazama nyoka badala ya dada yake na kuifuata miondoko yake kwa ngoma. Watu wakaanza kugeuka. Wakavuka uwanja, kumi, hamsini, wote. Ngusa akabaki na spika yake.

Ndipo Kabula alipoteremka. Alipita kiunoni, pajani, akagusa ardhi na kushika njia ya majabali ya ukingoni mwa uwanja, moja kwa moja kuelekea kwenye watu. Yowe likapigwa. Walewale waliokuwa wakimshangilia akiwa shingoni wakaokota mawe, maana kwao chatu wa ngoma ni mwenzao, chatu wa chini ni nyoka tu.

"Atakayerusha aanze na mimi!" alipaza sauti Sesilia, akamtangulia chatu akiwa ametanua mikono. "Shusheni! Shusheni, nimesema!"

Wakashusha, wakaachia njia. Akatembea hivyo, mama wa watu amevaa shanga na manyoya, chatu nyuma yake, umati wote nyuma ya chatu, hadi kwenye majabali. Kabula akaingia kwenye ufa akatoweka.

"Mmeshinda," alisema Ngusa, akihema. Watu walipiga makofi. Simu wengine walikuwa wamezidondosha walipokuwa wakikimbia.

Abel alipiga magoti karibu na ufa. "Mtoe, dada. Haraka, kabla hajafika ndani."

Bayeye humtoa chatu pangoni kwa mkono mtupu. Sesilia alilala kifudifudi, akaingiza mkono hadi begani. Vidole vyake vilikuta mkia, mzito, wenye joto la jua la uwanjani. Alikuwa ameushika vizuri. Mvuto mmoja, kama alivyofundishwa, na Kabula angerudi kapuni. Aliusikia mkia ukikaza, ukijivuta kwenda ndani.

Aliachia. Akautoa mkono, akajikung'uta mchanga.

"Pango ni refu," alimwambia kaka yake, machozi yakimtoka. "Sijamfikia."